Mwanangu anatoa udenda mpaka shingo imechubuka, mama mkwe anataka akatolewe meno ya plastiki

Shikamoo mama,

Naomba usinichoke maana barua yangu ni ndefu na naandika kwa simu huku mtoto kanilalia kifuani, hata sasa hivi hapa gauni limeshalowa.

Mimi nina mtoto mmoja wa kiume, ana miezi mitano na wiki moja, tunakaa Mbagala. Alizaliwa na kilo 3.1, ananyonya vizuri, kwenye kadi uzito unapanda na chanjo zote kapata. Shida ilianza alipofika kama miezi mitatu na nusu, udenda ukaanza kumtoka, mwanzoni kidogo nikawa nafuta tu, sasa hivi yaani ni kama bomba limeachwa wazi. Nguo nambadilisha mara tano sita kwa siku, shuka linalowa, na ngumi zote mbili ziko mdomoni muda wote mpaka vidole vimesinyaa kama mtu aliyeshinda anafua.

Shingoni kwenye ile mikunjo pamekuwa pekundu sana, pana unyevu na kaharufu kama maziwa yaliyochacha, nikimuosha analia. Nilimpaka poda ikawa inaganda kama tope. Nikaenda duka la dawa wakaniuzia jeli ya kupaka kwenye fizi, nikapaka mara mbili nikaogopa maana alishika ziwa akawa kama hajui kulinyonya, mdomo umekufa ganzi.

Sasa kubwa lenyewe ni hili. Mama mkwe wangu yuko hapa wiki ya tatu, amekuja kunisaidia na kwakweli ananisaidia sana, sitaki kumsema vibaya. Ila alipoona huo udenda akasema huyu mtoto ana meno ya plastiki. Akamfungua mdomo akanionyesha na kweli mama, kwenye fizi za juu huku pembeni kuna vijivimbe viwili vyeupe. Na wiki iliyopita mtoto akaharisha mara nne kwa siku na usiku akachemka, ikapita siku mbili ikaisha yenyewe, basi hapo ndo ikawa ushahidi. Anasema kuna mama mmoja huku mtaani anayatoa dakika tano tu umemaliza, na hapo hapo anaangalia na kimeo kama kimerefuka anakikata. Wamepanga iwe Jumamosi.

Jirani mmoja naye kasema ni kwa sababu nikiwa na mimba nilitamani pweza sikumpata. Mwingine anasema nimpe maji maana udenda unammaliza maji mwilini. Mume wangu nikimwambia naogopa anajibu "mama katulea sisi saba, anajua anachofanya", basi naenda chooni nalia narudi.

Mama nisaidie, huu udenda ni ugonjwa au ni nini? Na Jumamosi nifanyeje bila kumvunjia heshima mama yake?

Mama Mbagala

——

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma jana usiku nikaiweka juu ya zote kwa sababu ya hiyo Jumamosi, kwahiyo naanza hapo hapo mengine yatafuata. Mtoto asiende. Usiseme "ngoja tuangalie", asiende kabisa, na siku hiyo asitoke mikononi mwako hata kwa kisingizio cha kwenda kumnunulia nepi.

Sasa nikueleze kile ulichoonyeshwa, maana mama mkwe wako hajakudanganya, vile vijivimbe vipo na ameviona kwa macho yake. Ila ni meno ya mwanao mwenyewe. Mtoto anazaliwa na meno yake 20 ya utoto tayari yameshaanza kuumbika ndani ya taya, na hayo ya pembeni juu ni chonge, ambazo huwa zinatoka mtoto akiwa na kama miezi 16 mpaka 23. Kwa mtoto wa miezi mitano chonge bado ni changa, imejificha chini ya fizi, inafanya kauvimbe keupe. Ukimfungua mdomo mtoto wa jirani wa umri huo huo utakiona kitu hicho hicho hata kama yeye hatoi udenda. Anayechimbua anatoa kitu cheupe kilaini ambacho hakijakomaa, anakiweka kwenye kiganja anamwonyesha mama, na mama anaamini kabisa kwamba ni plastiki kwa sababu hakifanani na jino analolijua. Ni jino. Na jirani yake kabisa humo ndani ya taya pana chipukizi la jino la ukubwani, ndo maana watoto wengine waliochimbuliwa wanakuja kukua na jino lililoharibika au hilo la ukubwani halitoki kabisa.

Na wanachimbua kwa kutumia nini? Kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, kwa kisu, kwa msumari, bila ganzi. Mimi nimefanya kazi kliniki ya watoto miaka mingi na kuna mtoto mmoja sijamsahau, alikuwa na miezi saba, mama yake alimleta amemfunika na kitenge, nilipofunua nikashika kiganja cha yule mtoto kilikuwa cheupe kama karatasi, ndani ya shavu donge la damu iliyoganda, na fizi pande zote mbili zina mashimo. Homa inawaka, hanyonyi. Mama anarudia neno moja tu, "nilitaka apone kuharisha". Tulimuongezea damu na dawa za sindano akapona, lakini wapo ambao hawakuwahi. Yule mama alimpenda mtoto wake kama unavyompenda wako, na bibi aliyempeleka pia alimpenda.

Kimeo nacho ni hivyo hivyo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni kila mtu anacho, kinasaidia kuziba njia ya pua tunapomeza, na mtoto akilia kinaonekana kirefu kwa sababu umemfungua mdomo ukamchungulia. Hakileti udenda. Kukikata kwa wembe ni kumkaribishia damu isiyokoma, pepopunda, na kama wembe umetumika kwa mwingine basi na virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini.

Haya sasa tuje kwenye udenda wenyewe.

Mtoto mchanga kabisa tezi zake za mate hazijachangamka sana, kuanzia kama miezi miwili mitatu hivi zinaanza kufanya kazi kwa nguvu, zinajiandaa kwa chakula kitakachokuja. Mimi na wewe mate tunatoa mengi mno, mtu mzima anatoa nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku, ila hatuyaoni kwa sababu tunameza bila kujua, hata sasa unasoma hapa umeshameza. Mwanao hilo bado hajajifunza. Maziwa anajua kumeza kwa sababu anayanyonya, lakini kukusanya mate mdomoni na kuyameza yenyewe ni kazi nyingine inayotaka midomo kufunga vizuri, ulimi kutulia, shingo na kifua kukaza. Meno ya mbele hana ya kuzuia. Mdomo unakaa wazi nusu ya siku anashangaa dunia, na ngumi alizoingiza humo zinazidi kuamsha mate kama vile wewe ukinusa ndimu. Kwahiyo yanamwagika. Kwa watoto wengi hali hii inaendelea kwa kupanda na kushuka mpaka mwaka na miezi sita hivi, na hadi miaka miwili bado haishtui, hasa akiwa anaota jino au amejikita kwenye mchezo.

Na meno ni kweli yanaongeza. Ya kwanza kabisa kwa kawaida ni mawili ya chini katikati, kwenye miezi 6 mpaka 10, wengine mapema kidogo wengine wanachelewa. Kesho asubuhi osha mikono, kaa naye mlangoni penye mwanga, pitisha kidole taratibu kwenye fizi ya chini mbele. Ukihisi kitu kigumu kama punje ya mchele chini ya ngozi basi jino liko njiani, usipohisi pia sawa.

Ila naomba hili ulishike, na umsomee na mama mkwe: meno hayaleti homa ya kuchemka na hayaharishi. Naelewa kwanini watu wanaunganisha, kwa sababu vinatokea umri mmoja. Mtoto wa miezi mitano sita anaokota kila kitu anaweka mdomoni, na ile kinga aliyotoka nayo tumboni kwako imeanza kupungua, basi vijidudu vinaingia, anaharisha, huku jino nalo linasukuma, lawama inabebeshwa jino. Kuharisha kwa mwanao wiki iliyopita kumepita, tunashukuru. Kukirudi, endelea kumnyonyesha mara nyingi zaidi na umpeleke zahanati akapate ORS na zinki (mtoto chini ya miezi sita hupewa miligramu 10 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha 20, kwa siku 10 mpaka 14, hata kama ameacha kuharisha umalizie). Akichemka pima kwa kipimajoto, ikifika nyuzi 38 usikae nyumbani ukisema ni meno, mpeleke apimwe malaria na waangalie masikio na mkojo. Watoto wanapotea hivyo mwanangu, homa ya malaria inaitwa homa ya meno siku tatu nne.

Shingo sasa. Mate yenyewe hayana sumu ila ngozi ya mtoto ikikaa imelowa muda wote inalainika, inachubuka, maziwa yakitiririkia humo yanachacha, na kwenye mikunjo hakuna hewa. Poda acha kabisa, imeganda kama ulivyoona na vumbi lake analivuta kwenye mapafu. Fanya hivi: chukua khanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka imekuwa laini kama mkono wa mtoto, ikate vipande kama kumi, kila kimoja pinda pembe tatu umfunge kifuani kwa ulegevu kama bibu, kikilowa toa weka kingine, usisubiri kifike kwenye nguo. Mara tatu kwa siku na kila akicheua, muweke chali, inua kidevu chake taratibu mpaka ule mkunjo ufunguke, pitisha kitambaa chenye maji ya uvuguvugu matupu bila sabuni, halafu gandamiza kwa kitambaa kikavu, usisugue, kusugua ndo kunamliza. Mwache hivyo shingo wazi dakika kumi anapunga miguu. Pakishakauka kabisa paka mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, tabaka jembamba, kwenye kidevu na mashavuni pia, ili mate yateleze juu yasifike kwenye ngozi. Akilala toa bibu na usimfunge uzi wala shanga wala hirizi shingoni, watoto wamenyongwa na hivyo vitu usingizini.

Lakini kwa ulivyoeleza, wekundu mkali, unyevu na harufu, nina wasiwasi fangasi wameshaingia humo kwenye mkunjo. Ukiona vidoti vidogo vyekundu vimezunguka pembeni ya huo wekundu ni dalili nyingine ya fangasi. Huko mpeleke wakuone, mara nyingi wanatoa krimu ya klotrimazoli inaisha ndani ya wiki moja mbili. Usinunue zile krimu za mchanganyiko za dukani zinazotibu kila kitu, nyingi zina steroidi ndani na ngozi ya shingo ya mtoto inakuwa nyembamba inazidi kuharibika. Na mkiwa huko waangalie na ndani ya mdomo, kama kuna utando mweupe kwenye ulimi au mashavu ambao haufutiki hao pia ni fangasi na dawa yake ipo.

Umefanya vizuri sana kuiacha ile jeli. Soma boksi, ukiona benzokaini au lignokaini iweke mbali. Benzokaini inaweza kufanya damu ishindwe kubeba hewa, mtoto anabadilika midomo inakuwa ya bluu, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza zisitumike kabisa kwa watoto chini ya miaka 2. Lignokaini nayo ikimezwa nyingi inadhuru moyo na ubongo. Na ganzi ikishuka kooni mtoto hawezi kunyonya wala kumeza vizuri, uliliona mwenyewe. Sirapu za meno za kienyeji au zisizojulikana zilikotoka nazo hapana, kule Nigeria mwaka 2008 dawa ya meno ya watoto iliyoitwa My Pikin ilikuwa imechanganywa na kimiminika chenye sumu, watoto zaidi ya 80 walikufa figo zikiwa zimefeli, na mama zao waliinunua kwa nia ile ile uliyokwenda nayo wewe duka la dawa. Kinachomtuliza ni kidole chako kisafi kinasugua fizi, au kitambaa safi kilicholowekwa maji yaliyochemshwa kikapozwa, ukikamue sawasawa mpaka kisidondoshe, anatafuna huku umekishika wewe. Karoti hapana, kipande kikimeguka kinaziba koo. Asali usimpe mpaka atimize mwaka.

Maji usimpe. Mpaka miezi sita ni ziwa tu, na ziwa lina maji yake. Udenda haumalizi maji ya mtoto, angalia nepi, akikojoa mara sita au zaidi kwa siku maji anayo. Pweza hana kosa lolote hapa.

Sasa kuna udenda ambao hausubiri asubuhi. Mtoto ambaye hatoi sana halafu ghafla mate yanamwagika, anakataa kumeza, anapumua kwa sauti ya kukoroma au anakohoa na kukaba, huyo huenda amemeza kitu au koo limevimba, mkimbize hospitali hata usiku wa manane. Na kama zile betri ndogo za duara za rimoti zinazagaa ndani zikusanye leo, ikikwama kooni inaunguza nyama ndani ya masaa mawili. Kitu kingine ambacho sio cha dharura lakini ukiseme kliniki: kama shingo yake bado haijakaza, mwili ni mlegevu sana au mgumu sana, au kila akinyonya anapaliwa. Kwa ulivyoniandikia wako hayuko hivyo.

Kuhusu mama mkwe. Mwanangu, usimwambie amekosea na usimwambie "siku hizi mambo yamebadilika", hiyo inamfunga masikio. Yeye kaona mjukuu anaharisha, anachemka, kaogopa, na kwenye kuogopa kashika kile alichofundishwa. Mpe nafasi. Kesho asubuhi kabla ya chai mwambie hivi: "Mama, nimekaa nikafikiria maneno yako, shingo ya mtoto inanitia wasiwasi na nilitaka twende wote kliniki, wewe umeona mengi, ukamweleze nesi ulichokiona mdomoni". Nenda naye kweli. Mwache yeye ndo aseme "ana meno ya plastiki" mbele ya nesi, na nesi amjibu yeye kama mkubwa. Nimeona mabibi wengi wanaingia pale wamekunja uso, wakishaelezwa kwamba lile ni jino la mjukuu wao, tena wakaonyeshwa kwa kidole, wanatoka ndo wao wanaowakataza wengine mtaani.

Mume wako zungumza naye leo usiku, na machozi ya chooni yalete chumbani ayaone. Usimuulize "tufanyeje", mwambie "mtoto wetu hachimbuliwi fizi, naomba wewe ndo umwambie mama". Ni mama yake, kauli yake haitamuuma kama yako. Msomee habari ya yule mtoto wa miezi saba. Kama atasema tena mama amewalea saba, muulize kwa upole katika hao saba ni wangapi walichimbuliwa.

Na ikitokea wote wawili wameshikilia, Jumamosi alfajiri mbebe mwanao nenda kwa dada yako au kwa rafiki unayemuamini, ukae huko mpaka jioni. Watakasirika, vumilia. Mkirudi msalimie mama vizuri, mpikie, mpe mtoto amshike.

Niandikie Jumapili, hata mistari miwili tu, unieleze shingo imekaukaje na nesi alimwambiaje mama.